Shada la Krismasi la Kujitengenezea: Kuanzia Duara Tupu hadi Mlangoni

Anayetengeneza shada la Krismasi kwa mara ya kwanza huanza na mapambo: mipira ya kung'aa, utepe mwekundu, kengele ndogo. Majani huyafikiria mwisho. Mimi pia nilianza hivyo. Kwenye shada langu la kwanza nilibandika kila kitu kwa gundi ya moto, nikalitundika mlangoni asubuhi, na ilipofika saa tisa alasiri jua lilikuwa limeilainisha gundi. Koni za msonobari zikawa zinaanguka ngazini moja baada ya nyingine. Niliziokota zote, nikalifumua shada lile, nikaanza upya kwa waya. Hilo la pili lilikaa mpaka mwaka mpya ukaingia, na hakuna koni hata moja iliyoanguka.

Tangu siku hiyo nashika neno moja: shada hufungwa, halibandikwi. Gundi ina mahali pake, na nitapataja, lakini uimara wa shada hutoka kwenye waya na kwenye namna vicha vya majani vinavyolaliana. Ukishaujua ufungaji, mtindo wowote utakaoupenda ni suala la kubadilisha malighafi.

Duara la kuanzia

Kila shada lina uti wa mgongo, yaani fremu. Ya kawaida kabisa ni ya waya mgumu yenye pete mbili au zaidi zilizounganishwa. Hiyo ndiyo ninayompa anayejifunza, kwa sababu majani hayazunguki juu yake na waya wa kufungia hupata pa kushika. Kuna duara la majani makavu ya nyasi yaliyokazwa kwa kamba, zito na nene, ambalo hukupa shada lililojaa bila kutumia majani mengi. Kuna duara la povu gumu, linalofaa kwa mashada ya vitu vikavu na vitambaa. Kuna ringi nyembamba ya chuma kwa mtindo wa kisasa. Na kuna duara la matawi yanayotambaa, ambalo unalisuka mwenyewe, nitalifikia.

Kama huna fremu, chukua henga ya nguo ya waya. Ivute kwa mikono mpaka pembe zake zitoweke na iwe mviringo; utapata duara la karibu sm 30, na ile kulabu ya juu itabaki kuwa ya kutundikia. Henga ina tatizo moja: waya wake ni mmoja na ni laini, kwa hiyo vicha huteleza na kugeuka chini juu. Dawa yake ni kuuviringishia mkanda wa kitambaa kikuukuu mzunguko mzima kabla ya kuanza kazi. Kitambaa hushika, waya mtupu haushiki. Hatua hii huchukua dakika tano, na wanaoiruka huishia kupigana na shada linalogeuka mikononi.

Kuhusu ukubwa, kumbuka kwamba shada likikamilika huwa pana kuliko fremu yake. Fremu ya sm 30 iliyofungwa majani ya sm 15 hutoa shada la upana wa sm 45 hadi 50. Pima mlango au ukuta wako kwanza. Nimeona mashada mazuri mno yaliyofunika kitasa cha mlango.

Vifaa vya mezani

Unahitaji mkasi wa kupogolea matawi, koleo la kukatia waya, na waya mwembamba wa maua wenye unene wa kama nusu milimita hadi 0.7, ulioviringishwa kwenye kijiti ili uutumie bila kuukata. Wa kijani ndio bora, maana hujificha majanini. Kwa shada moja la fremu ya sm 30 weka tayari mita 8 hadi 10. Ongeza vipande vya waya vya sm 20 kwa ajili ya mapambo, na glavu kama ngozi yako hukasirishwa na utomvu. Utomvu ukikushika mikono, usihangaike na sabuni kwanza: paka mafuta ya kupikia, sugua, ndipo unawe kwa sabuni.

Tandika gazeti au shuka kuukuu. Kazi hii inachafua.

Kuchagua majani

Misonobari, mierezi, misaipresi na mireteni hushika majani yake kwa muda mrefu hata ikishakatwa. Miti ya jamii ya spurusi (spruce) ni mizuri kwa macho, lakini hupukutisha sindano zake, yaani majani yake membamba, mapema, hasa ndani ya nyumba yenye joto, kwa hiyo iache kwa shada la nje. Mkaratusi hukauka vizuri sana. Rangi yake ya kijivu hubaki na majani hayadondoki. Majani ya magnolia yana upande wa chini wa rangi ya kahawia kama ngozi iliyolainishwa, na ukiyapanga mengine yakiwa yamegeuzwa, huhitaji pambo lingine. Rozmari hutoa harufu kila mlango unapofunguliwa.

Kabla ya kukata tawi, lipime. Shika kijitawi kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kivute kuelekea nchani. Sindano mbili tatu zikibaki mkononi, si neno. Zikijaa kiganja, liache tawi hilo. Ukikunja kijitawi kikakatika kwa mlio mkavu, nacho kimeshazeeka.

Kata jioni au asubuhi na mapema, kata mashina kwa mshazari, kisha yasimamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha mahali penye baridi. Tawi lililokunywa maji kabla ya kufungwa hudumu siku nyingi zaidi ya lililofungwa likiwa na kiu, na baada ya kufungwa hutapata tena nafasi nzuri ya kulinywesha. Asubuhi yakung'ute yote nje, uondoe vumbi na wadudu.

Changanya aina tatu, zisizidi nne: moja ya kujaza, moja yenye umbile tofauti, moja ya kuning'inia au yenye rangi nyingine. Zikizidi hapo jicho halipati pa kutulia.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wadogo, paka au mbwa. Vitunda vyekundu vya mholi (holly) ni sumu vikiliwa, vivyo hivyo vitunda vya mlimbo (mistletoe) na vya aivi (ivy). Mti wa yuu (yew) ni hatari kuliko hivyo vyote. Majani yake na mbegu zake vinaweza kuua, nami siuingizi kwenye shada lolote. Badala yake tumia vitunda vya bandia. Vya kisasa havitofautiki na vya kweli ukisimama hatua mbili nyuma.

Shada la majani mabichi, hatua kwa hatua

Huu ndio mtindo mama. Hata kama lengo lako ni shada la vitambaa, jifunze huu kwanza.

1. Kata majani yote kwanza. Vijitawi viwe vya sm 12 hadi 15. Usikate kidogo kidogo huku unafunga, kwa sababu utajikuta unaanza na vicha vinene na kumaliza na vyembamba.

2. Panga vicha. Kicha kimoja ni vijitawi vinne hadi sita: virefu nyuma, vifupi mbele, mashina yakiwa yamekutana. Hesabu ni rahisi: fremu ya sm 30 ina mzunguko wa karibu sm 94, na kila kicha husogeza kazi mbele kwa sm 5, kwa hiyo unahitaji vicha 19. Tengeneza 22. Kwa fremu ya sm 40, ambayo mzunguko wake unakaribia sm 126, tengeneza 28. Vipange mezani kwa safu. Kilichokonda kiongeze sasa.

3. Funga mwanzo wa waya kwenye fremu, uuzungushe mara tatu na uukaze. Kuanzia hapa hadi mwisho hutaukata.

4. Laza kicha cha kwanza juu ya fremu. Zungusha waya juu ya mashina yake mara tatu, ukivuta kwa nguvu kila mzunguko. Waya upite kwenye mashina tu. Ukipita juu ya majani utayalaza na kuyaua. Ukimaliza, jaribu kukichomoa. Kikisogea, hujakaza.

5. Kicha cha pili kilale juu ya mashina ya cha kwanza, kama vigae vya paa, kisogee sm 5. Kielekeze kidogo upande wa nje. Cha tatu kielekee ndani, cha nne kikae katikati. Mchezo huo wa nje, ndani, katikati ndio unaolipa shada unene na kuficha fremu. Ukivilaza vyote katikati utapata kamba ya kijani, siyo shada.

6. Endelea upande huohuo. Kulia au kushoto ni sawa, ila usibadilishe njiani. Kila baada ya vicha vitano linyanyue shada, linyooshe mkono mbali nawe, ulitazame likiwa wima. Likiwa mezani linadanganya: mapengo hayaonekani.

7. Fika kwenye kicha cha mwisho na utulie. Hapa ndipo wengi huharibu.

Kicha hiki cha mwisho kinastahili kuelezwa kwa kirefu. Unapokaribia ulikoanzia, utakuta majani ya kicha cha kwanza yamelala juu ya pengo lililobaki. Yainue kwa mkono wa kushoto, yote, kama unavyoinua nywele za mtoto unapomfunga shanga shingoni. Chini yake utaona mashina ya kicha cha kwanza na waya wake. Kicha cha mwisho kifupishe mashina hadi sm 4, ukiingize chini ya majani uliyoyainua, mashina yakiingia ndani kabisa. Fungua waya uliobaki kijitini, uupitishe kwa ncha, si kwa kijiti kizima, kwa maana nafasi ni ndogo. Mizunguko minne. Kisha achia majani ya kicha cha kwanza yashuke yenyewe. Ukiyachezea kwa vidole ili yajipange, na mtu akakuuliza shada limeanzia wapi, asipate jibu. Pengo likionekana bado, usisukume kicha kizima. Chomeka kijitawi kimoja chenye waya wake mfupi, ukifunge nyuma.

8. Kata waya ukiacha sm 20. Geuza shada, funga ncha kwenye fremu, na kwa kilichobaki tengeneza kitanzi cha kutundikia. Pitisha mkono wako nyuma ya shada: ncha za waya zikunjie ndani zisikwaruze mlango.

9. Likung'ute mara mbili tatu. Kinachodondoka sasa kingedondoka mlangoni.

Mtu aliye makini humaliza kwa saa moja na nusu mara ya kwanza. Mara ya tatu utatumia dakika 40.

Kulipamba

Mapambo yasienee kila mahali. Chagua kitovu kimoja, na mimi hupenda mahali ilipo namba 7 kwenye uso wa saa, au chini kabisa, au juu kidogo upande wa kulia. Kusanya vitu vikubwa hapo, kisha vipungue ukubwa kadiri vinavyoondoka kitovuni. Vikae kwa hesabu isiyogawanyika: vitatu, vitano. Vikiwa viwili vinne vinaonekana kama vifungo vya shati.

Koni za msonobari, yale matunda magumu yenye magamba, ukiziokota chini zitakuja na wadudu na utomvu. Zipange kwenye sinia uliyoitandika karatasi ya kuokea, uziweke kwenye oveni ya nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 45. Usiondoke jikoni, kwa maana utomvu hushika moto. Joto huua wadudu, hugandisha utomvu uwe kama vanishi, na huyafungua magamba. Usishtuke siku ya mvua ukikuta zimejifunga. Koni hujifunga zikilowa na kufunguka zikikauka. Kuzifunga, pitisha kipande cha waya katikati ya magamba ya chini kabisa, ukizungushe hadi ncha zikutane, usokote, na ncha hizo mbili ndizo utakazozichomeka shadani na kuzifungia nyuma.

Vipande vya machungwa ni kazi ya siku moja kabla. Kata vya unene wa milimita 5, vikaushe maji yake kwa kitambaa safi ukivibonyeza, kisha viweke kwenye oveni ya nyuzi 95 hadi 100 kwa saa tatu au nne, ukivigeuza kila saa. Vikiwa tayari havinati mkononi na ukiviinua kwenye mwanga utaona kila chembe ya ndani iking'aa kama kioo cha rangi. Oveni ikizidi joto vinakuwa vya kahawia na mwanga hauvipiti tena. Penye hewa ya unyevu vitarudi kulainika, kwa hiyo paka vanishi isiyo na rangi pande zote mbili, au ukubali kuwa ni pambo la ndani tu.

Gundi ya moto inafaa kwa vitu vyepesi visivyo na pa kupitishia waya, kama kofia za mbegu au maua ya karatasi, na kwenye shada litakalokaa kivulini. Bunduki za gundi za joto dogo hufanya kazi kwenye nyuzi 120 hivi, za joto kubwa hufika karibu 190. Ya joto kubwa hushika zaidi, lakini hiyohiyo ndiyo inayotoa malengelenge vidoleni.

Fundo la utepe

Utepe mzuri wa shada una waya mwembamba pembezoni, upana wa sm 6, urefu wa mita 2.5. Acha mkia wa sm 30, kisha bana utepe kwa kidole gumba na cha shahada. Tengeneza kitanzi cha sm 12, urudishe utepe pale unapobana, kisha, na hili ndilo siri yote, usokote nusu mzunguko kabla ya kwenda upande wa pili. Bila msokoto huo, upande wa nyuma wa utepe, ule uliopauka, utatazama mbele kwenye kila kitanzi. Fanya vitanzi vitatu kila upande, kimoja kidogo katikati, na mkia wa pili. Pitisha waya ndani ya kile kidogo, ukaze nyuma kadiri uwezavyo, kisha tembeza kidole ndani ya kila kitanzi ukikiumua. Kivute kimoja juu, kingine chini, kingine mbele. Mikia ikate kwa umbo la V.

Fundo likae mwisho, baada ya vyote. Ukilifunga mapema utalilaza unapofanya kazi nyingine.

Shada la matawi yanayotambaa

Hapa fremu na shada ni kitu kimoja. Tafuta matawi marefu ya mzabibu au mmea wowote wa kutambaa usio na miiba, unene wa penseli, urefu wa mita 3 hadi 5. Yakate yakiwa yamepukutisha majani, uyasuke siku hiyohiyo. Kama yamekauka, yaloweke usiku kucha, yatalainika.

Kunja tawi la kwanza liwe duara, kisha mkia wake uuzungushe juu ya duara hilo: ndani, nje, ndani, nje. Tawi la pili lianzie upande wa pili wa pale la kwanza lilipoanzia, la tatu mahali pengine tena, ili unene ujigawe. Matawi matano au sita yanatosha. Usikate vile vikonyo vilivyojipinda kama chemchemi ya kalamu. Ndivyo vinavyolipa uhai. Lilaze bapa, uweke kitu kizito juu, uliache wiki moja likauke, la sivyo litajipinda kama bakuli.

Shada hili nalipenda likiwa karibu tupu. Kitita kimoja cha rozmari na koni tatu upande mmoja, theluthi mbili ukiacha matawi yaonekane. Lihifadhi pakavu, na kila mwaka ubadilishe kitita tu.

Ringi ya kisasa

Chukua ringi ya chuma au ya mbao nyembamba ya sm 30 hadi 40. Funika theluthi moja tu. Anza vicha vyako pande mbili, vyote vikielekea mbali na kitovu, mashina yakikutana katikati. Kisha ficha mashina kwa ua moja kubwa au fundo la utepe. Mkaratusi unapendeza sana hapa kwa vile huning'inia wenyewe. Vicha viwe vyembamba, vijitawi viwili vitatu, na waya uzungushwe kwa karibu, maana ringi ni laini na huteleza. Tone la gundi mahali waya unapoanzia husaidia. Kwa mtu mwenye majani machache na muda wa nusu saa, sina mtindo bora wa kumshauri.

Shada la vitambaa

Hili halihitaji mti wala oveni, na watoto wanaweza kulifanya peke yao. Kata vitambaa vikuukuu kwa vipande vya sm 2.5 kwa 15. Kila kipande kifungwe kwenye fremu kwa fundo moja, ncha zikitazama mbele, kisha kisukumwe kibanane na chenzake. Kwa fremu ya sm 30 yenye pete moja utatumia vipande 150 hivi, zaidi kama kitambaa ni chepesi. Usilegeze. Wengi husimama duara linapofunikwa, wakati shada la vitambaa hupendeza linapokuwa limebanana hadi ncha zinasimama zenyewe. Pamba, kitani na gunia huenda pamoja vizuri. Vitambaa vya kung'aa vichanganye kimojakimoja.

Shada la mezani la Majilio

Shada hili lina mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi. Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1839 mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini katika nyumba ya Rauhes Haus huko Hamburg, alichukua gurudumu la mbao akaweka juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa meupe ya Jumapili, ili watoto waliokuwa wakiuliza kila siku Krismasi ni lini wahesabu wenyewe. Majani yaliongezwa baadaye, na ile midogo ikaachwa. Wakatoliki wengi hutumia mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, huo wa waridi ukiwashwa Jumapili ya tatu.

Kwa shada hili tumia duara nene la nyasi kavu au fremu bapa, na vishikio vya chuma vyenye mwiba wa kuchomeka. Visimamishe vishikio kabla ya majani, vipime kwa macho kutoka pande zote, maana mshumaa ulioinama hauwezi kunyooshwa baadaye. Majani yawe mafupi, sm 8 hadi 10, yalale, na yakae mbali na utambi. Chagua mishumaa mirefu na uibadilishe ikibaki sm 5. Majani ya msonobari yaliyokauka huwaka kwa ghafla isiyokupa muda wa kufikiri, kwa hiyo mshumaa usiwake chumba kikiwa hakina mtu mzima, na baada ya wiki ya pili ubadilishe majani. Ukiwa na watoto wadogo, weka mishumaa ya betri bila kuona haya.

Kulitundika na kulitunza

Shada la majani mabichi likiwa nje kivulini hudumu wiki tatu hadi tano. Ndani ya nyumba yenye joto hesabu siku kumi hadi wiki mbili, kwa hiyo usilifunge mapema mno. Adui zake ni jua, upepo mkavu na joto la kipasha-joto. Mlango wa mbao ulio nyuma ya mlango wa kioo unaopigwa na jua huligeuza shada kahawia ndani ya siku chache, kwani hewa katikati ya milango hiyo huwa kama ya oveni. Linyunyizie maji upande wa nyuma kila siku mbili. Ukiweza, mara moja kwa wiki litoe mapambo yanayoharibika, ulilaze kwenye beseni la maji kwa saa moja, uliache lichuruzike kabla ya kulirudisha.

Kama hutaki kutoboa mlango, pitisha utepe mpana shadani, uupeleke juu ya mlango, na ncha yake uibane upande wa ndani kwa pini za kubonyeza kwenye ukingo wa juu usioonekana. Mlango wa chuma unahitaji kulabu ya sumaku tu. Gundi vipande viwili vidogo vya sponji nyuma ya shada ili lisigonge mlango unapofungwa. Taa ziwe zile ndogo za LED za betri, na kisanduku cha betri kifungwe nyuma upande wa chini, ambako uzito wake utalisaidia shada kukaa wima badala ya kulizungusha.

Likianza kuinama au kuwa yai badala ya duara, fremu ni dhaifu kuliko mzigo. Funga kijiti nyuma, kikikatiza kipenyo. Likipata pengo, chomeka vijitawi vipya ukianzia ndani kwenda nje. Likigeuka upande mmoja, mapambo yamelemea huko. Sogeza kitanzi cha kutundikia sm 2 kuelekea upande mzito ulitazame tena.

Sikukuu zikipita, usilitupe zima. Tafuta ule mwisho wa waya uliouficha nyuma, ukate, ushike ncha, uvute ukizungusha shada mikononi. Kwa kuwa hukuukata waya tangu kicha cha kwanza, wote utafumuka kwa mkupuo mmoja na majani yatadondoka kwenye gazeti. Majani yaende kwenye mboji, koni na utepe kwenye sanduku kavu, na fremu uitundike kwenye msumari hadi Desemba ijayo.